JERAHA LISILOONEKANA: HAKI YA ASKARI ALIYERUDI VITANI

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa mwili na roho, akaujaalia mwili kuumia na kupona, na roho nayo akaijaalia kuumia na kupona. Tunamshukuru kwa neema ya amani, ambayo thamani yake haijui sawasawa ila aliyeikosa. Tunashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Ewe Mola wetu, mrehemu na umpe amani Mtume wetu, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika ucha Mungu, ndugu zetu, ni kumtazama jirani yako kwa jicho la huruma, na kuitambua haki yake hata kama yeye mwenyewe hana ulimi wa kuidai.

Leo tunataka kusema juu ya watu tunaosimama nao safu moja kila Ijumaa, tukagusana nao mabega, lakini hatujui wanalala vipi usiku. Hao ni askari waliokwenda vitani wakarudi. Katika wilaya zetu hizi za Kibaha na Kisarawe, tangu Mlandizi na Ruvu mpaka Msanga na Maneromango, ni nadra kukuta kijiji kisichokuwa na mzee mmoja au wawili walioitwa wakati wa vita vya Kagera. Wako waliokuwa askari wa jeshi la kawaida, wako waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa, na wako wakulima wa mihogo na mikorosho waliokuwa mgambo tu, wakaitwa, wakaaga, wakaenda.

Ndugu Waislamu, vijana wengi wa leo hawakuwako wakati ule, basi na tukumbushane kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia katika ardhi yetu upande wa kaskazini wa mto Kagera, yakaua raia, yakapora mifugo na mali, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi letu, lililokuwa na watu wapatao 40,000, katika muda wa miezi michache likapanda likapita 150,000, kwa kuongezwa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mwaka ule askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudani. Kisha waliobaki hai wakarudi. Walipokewa kwa ngoma na vigelegele, na hilo lilikuwa jambo jema na la haki. Na kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa, likawakumbuka waliokufa. Hilo pia ni jambo jema.

Lakini ziko habari zisizoingia katika ngoma wala katika maadhimisho. Aliyekatika mguu vitani watu waliuona mguu wake, wakampisha njia. Aliyepigwa risasi alikuwa na kovu la kuonyesha. Yuko wa tatu, ndugu zetu, aliyerudi na viungo vyake vyote, akala, akaoa, akalima, na watu wakasema huyu kasalimika. Naye hakusalimika. Jeraha lake lilikuwa ndani, hapana aliyeliona, na kwa kuwa halikuonekana halikufungwa kitambaa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo ni mzee mwenye wajukuu, na wako ambao jeraha hilo halijafunga hadi leo.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya wazee peke yao. Askari wetu walikwenda Msumbiji katika miaka ya themanini. Mwaka 2008 walikwenda Komoro. Walikwenda Darfur, na huko Julai 2013 saba kati yao waliuawa. Wako Mashariki ya Kongo tangu 2013, na usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki karibu na Beni ilivamiwa, wakauawa askari wetu wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliokuwamo kambini usiku ule wakatoka hai ni vijana, ni waume wa watu na baba za watu, na wanarudi katika mitaa kama hii yetu.

Basi maradhi haya ni nini? Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na hofu ili imlinde. Ukimwona nyoka njiani moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, macho hukaza. Nyoka akiondoka, baada ya muda moyo hutulia. Lakini mtu aliyekaa katika hatari ya kifo siku baada ya siku, akaona mwenziwe aliyekula naye asubuhi amelala kipande jioni, aweza kufika mahali ambapo hofu hiyo haizimiki tena. Nyoka kaondoka, lakini mwili haukuambiwa. Vita vimekwisha mwaka 1979, na ndani ya kifua chake vinaendelea.

Wataalamu wa tiba wanayajua maradhi haya kwa alama zake. Ya kwanza ni kwamba yaliyopita humrudia pasipo yeye kuyaita: ndoto za kutisha, jinamizi, au mchana kweupe akaona na kusikia kana kwamba yuko palepale. Ya pili ni kukwepa: hataki kuzungumzia, hataki kupita penye kumkumbusha, hataki hata kukaa na wenzake waliokuwa pamoja. Ya tatu ni kukaa macho daima: usingizi mwepesi, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira inayowaka mara moja kama petroli, kukaa mgongo ukutani na macho mlangoni. Ya nne ni kufa kwa furaha: harusi haimfurahishi, mtoto hamchekeshi, hujiona peke yake katikati ya watu, au hujilaumu kwa kuwa yeye yu hai na wenziwe hawapo. Alama hizi zikidumu zaidi ya mwezi na zikaharibu maisha ya mtu, basi huyo ni mgonjwa mwenye kustahiki tabibu. Na ziko nyakati ambapo maradhi haya hujificha miaka mingi, kisha yakatokeza mtu anapostaafu, anapofiwa na mkewe, au anapokosa kazi ya kumshughulisha.

Katika vita vya kwanza vya dunia madaktari wa Ulaya waliwaona askari waliotetemeka wasiweze kusema, wakadhani ni kishindo cha mizinga kilichowatikisa ubongo, na wengine wakawaita waoga. Haikuwa hadi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ndipo maradhi haya yalipoingizwa kwa jina lake katika kitabu cha matabibu wa akili wa Marekani. Yaani askari wetu waliporudi kutoka Uganda mwaka 1979, hata mabingwa wa dunia walikuwa bado hawajakubaliana jina la ugonjwa wao. Na kabla yao, wazee wetu waliochukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya Waingereza, ambao jina la Kariakoo mpaka leo ni ukumbusho wao, walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, na walionusurika walirudi vijijini na siri zao vifuani. Nani aliwauliza wameona nini?

Ndugu Waislamu, ugonjwa usiokuwa na jina la kweli hupewa majina ya uongo. Sisi huku Pwani majina hayo tunayo mengi. Mzee akipiga kelele usiku tunasema ana pepo. Akikaa kimya tunasema ana kiburi. Akimpiga mkewe tunasema ndiyo tabia yake. Akinywa gongo tunasema ni mlevi, basi. Na akiketi nje ya msikiti asiingie kwa sababu hawezi kusongamana na watu, tunasema imani yake ni haba. Neno hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu tunalisema kwa jina la dini.

Hebu tuitazame dini yenyewe. Katika Sura ya al-Ahzab, Qurani Tukufu inatusimulia hali ya waumini katika vita vya Handaki, jinsi fadhaa ilivyowapata mpaka mioyo ikawa kama inataka kutokea kooni. Hao ni Sahaba wa Mtume, walio bora katika umma huu, na Mwenyezi Mungu hakuificha hofu yao. Sharia nayo imeweka Swala ya hofu, yenye namna yake, kwa wenye kumkabili adui. Lau hofu ingekuwa ni upungufu wa imani, isingewekewa Swala.

Nabii Yaaqub, amani ya Mwenyezi Mungu imshukie, alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka kwa huzuni. Alikuwa Nabii, tena mwenye subira njema iliyosifiwa. Basi subira ilikaa moyoni mwake, na maradhi yakakaa katika mwili wake. Anayedhani kwamba mtu mwenye imani haumizwi na msiba, amtazame Nabii huyu.

Na khasa tuizingatie habari ya Wahshi. Yeye ndiye aliyemuua Hamza, ammi yake Mtume, katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra. Miaka ikapita, Makka ikafunguliwa, na Wahshi akaja kwa Mtume akasilimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupokea Uislamu wake wala hakumlipiza kisasi. Lakini baada ya kumsikiliza jinsi alivyomuua Hamza, alimwomba, kama akiweza, asimwonyeshe uso wake. Alikwisha kumsamehe, na hata hivyo kuuona uso ule kulilirudisha jeraha. Basi akiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mkamilifu wa viumbe, uso mmoja ulimrudishia huzuni ya Uhud, sisi tutamlaumuje mzee wa Kisarawe ambaye mlio wa fataki usiku wa sikukuu humrudisha Uganda?

Na si fataki tu. Tukumbuke tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la Gongo la Mboto lilipolipuka, katika barabara ile ile iendayo Pugu na Kisarawe. Watu waliuawa, na maelfu wakakimbia usiku wasijue waendako. Kwa wengi wetu ulikuwa usiku mmoja wa kutisha, na hata hivyo wako waliokaa muda mrefu wakishtuka kila mlango ulipobamizwa. Kwa usiku ule mmoja sisi sote tulionjeshwa kidogo. Basi na tumpime aliyekaa katika vishindo vya namna hiyo miezi saba.

Liko jambo jingine, ndugu zetu, na hili ni zito kuliko hofu. Ni swali. Askari wengi waliorudi walirudi na swali, na kwa aibu hawakumwuliza mtu. Swali hilo ni: nilichokitenda kule, Mola wangu atanisamehe? Askari Mwislamu wa kwetu alikuwa na uzito wa ziada. Mwezi Machi 1979 huko Lukaya majeshi yetu yalipambana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Wale walikuwa Waislamu, na katika wetu walikuwamo Waislamu. Na mji wa Masaka, ulipotekwa mwezi Februari mwaka ule, ulibomolewa vibaya, na waliokuwamo wakaona yaliyowapata watu na nyumba zao. Mtu huyabeba mambo haya miaka arobaini na zaidi, akiswali huku anadhani Swala yake haipandi.

Sisi wenye kupanda mimbari tuna deni la kulijibu swali hili, na jawabu lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza: Qurani, katika Sura ya al-Hujurat, imekabili wazi jambo la makundi mawili ya waumini kupigana, ikaamrisha kusuluhisha, na kundi moja likidhulumu, lipigwe vita mpaka lirejee katika amri ya Mwenyezi Mungu. Basi mwenye kuilinda nchi yake iliyovamiwa, na watu wake waliouawa majumbani mwao, hakuwa mdhalimu kwa kuwa upande wa pili walikuwamo wenye jina kama lake. Mtume alitufundisha kumsaidia ndugu yetu hata akiwa mdhalimu, na msaada wake ni kumzuia dhuluma.

Sehemu ya pili twaisema kwa upole, lakini hatuifichi. Ikiwa askari alivuka mpaka, akamdhuru asiyepigana, au akachukua mali isiyo yake, hilo ni dhambi, na kumwambia si kitu hakumponyi, kwa maana moyo wake wenyewe haukubali. Huyo tumwonyeshe mlango wa toba, ambao haujafungwa: ajute, aache, aombe msamaha, na haki za watu azirudishe au azitolee sadaka kwa niaba ya wenyewe asipoweza kuwapata. Mtu aliyebeba mzigo hatumsaidii kwa kumwambia mzigo haupo. Tunamsaidia kwa kumwonyesha pa kuutua.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Wake mwaminifu, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, elimu isiyofuatwa na kazi ni mti usio na tunda. Tumekwisha kuyajua maradhi. Je, tufanye nini?

La kwanza ni kutafuta dawa. Mtume wetu ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na tiba yake, na akatuamrisha tujitibu. Hakuyatoa katika amri hiyo maradhi ya nafsi. Na Waislamu wa zamani waliielewa hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba, kama vile homa ilivyo na tiba. Na mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga mwaka 683 wa Hijra, yaani 1284, hospitali kubwa iliyotibu tajiri na maskini kwa mali ya wakfu, na ndani yake walitengewa mahali wagonjwa wa akili. Waliwekewa kitanda na tabibu karne nyingi zilizopita. Basi atawezaje Mwislamu wa leo kumfunga mgonjwa wake mnyororo chini ya mwembe, akasema ndiyo dini?

Tiba ya maradhi haya ipo. Iko ya mazungumzo, ambayo mtaalamu humwongoza mgonjwa kidogo kidogo kuyaelekea yale anayoyakimbia, mpaka kumbukumbu ipoe, iwe habari ya zamani badala ya moto wa leo. Na ziko dawa za kupunguza huzuni na fadhaa na kurudisha usingizi, zitolewazo na daktari kwa kipimo. Tiba hii si ya siku moja. Huchukua majuma na miezi, na mgonjwa huweza kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Asiachwe njiani.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa wa Kisarawe hupelekwa hospitali ya wilaya, na wa Kibaha huweza kufikishwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Pwani. Yakizidi iko Muhimbili mjini Dar es Salaam, na iko Mirembe, Dodoma, iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa akili tangu 1927. Askari wanayo pia hospitali kuu ya jeshi ya Lugalo. Na sera ya taifa juu ya wazee, tangu 2003, imewaahidi wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo matibabu bila ya malipo, basi vijana wa nyumbani wawasaidie babu zao kuidai haki hiyo kwa adabu. Tunajua ya kwamba mabingwa wa maradhi ya akili katika nchi yetu ni wachache, na njia ya kutoka Mzenga au Kwala hadi kwa daktari ni ndefu na nauli si haba. Kwa sababu hiyohiyo ndipo mgonjwa anapohitaji jamaa wa kumsindikiza.

Wala hatusemi watu waache kumsomea mgonjwa Qurani. Kisomo ni rehema na utulivu wa moyo, na dua ni silaha ya muumini. Tunasema kisomo na hospitali ni ndugu, havigombani. Aliyevunjika mfupa tunamsomea tukamfunga gango. Aliyevunjika moyo naye tumsomee tukampeleka kwa tabibu. Lakini mganga anayedai mbuzi mweusi na fedha, akamzuia mgonjwa asiende hospitali, huyo hakuleta tiba wala dini.

La pili ni wajibu wa nyumbani. Enyi akina mama mliolala miaka mingi pembeni mwa mtu anayepigana usingizini, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye subira yenu. Msimguse kwa ghafla anapoota. Mwiteni kwa jina lake, kwa sauti ya taratibu, mbali kidogo, mpaka azinduke ajue yu wapi. Msimlazimishe kusimulia, na akitaka kusimulia msimkatize. Watoto waelezwe kwa kiasi cha akili zao kwamba hasira ya baba si chuki juu yao. Hata hivyo tunalisema hili wazi: maradhi hueleza ukali wa mtu, hayampi ruhusa ya kupiga. Mke na watoto wana haki ya usalama, na wakiwa hatarini waondoke wakaseme kwa wazee, kwa imamu, au kwa serikali. Kumzuia mgonjwa asidhulumu ni katika kumtibu.

Na akisema mtu kwamba amechoka kuishi, neno hilo lisipuuzwe wala lisichekwe. Asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vya hatari na sumu za shambani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuitoa nafsi ni haramu. Kuiokoa nafsi ya mwenye kutaka kujitoa ni faradhi juu ya aliyemsikia.

La tatu ni wajibu wa msikiti. Katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh alijeruhiwa, na Mtume akaamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wenyewe ili awe karibu naye, apate kumzuru. Na Rufaida, mwanamke wa Kiislamu, ni mashuhuri kwa kuwauguza majeruhi wa vita. Ona, ndugu yangu: majeruhi hakuondolewa msikitini asije akawaudhi wenye kuswali. Aliletwa ndani. Basi na sisi tuwaachie wazee wetu nafasi karibu na mlango wakitaka, ili wakihisi kubanwa watoke na warudi, na asiwepo wa kuwatazama kwa jicho la pembeni. Baada ya Swala ya Alasiri tukae nao barazani. Tuwakutanishe wao kwa wao, maana askari husema na askari mwenziwe lile asiloweza kumwambia mwanawe.

Sayidna Umar bin Khattab alipopata khabari ya upweke wa mke wa askari aliyekuwa vitani, alimwuliza binti yake Hafsa mwanamke aweza kuvumilia kiasi gani kukosana na mumewe. Alipojibiwa, aliamuru askari wasiwekwe mbali na jamaa zao kupita miezi minne, na katika riwaya nyingine sita. Na majina ya askari na jamaa zao yaliandikwa katika diwani, wakapewa fungu lao. Kiongozi yule aliona kwamba haki ya askari haiishii katika upanga aliopewa, bali inafika mpaka mlangoni kwake. Nasi leo, msikiti wa mtaa hauwezi kuwa na diwani ya taifa, lakini waweza kuwa na daftari. Imamu na wazee wa msikiti wayajue majina ya waliokwenda vitani katika mtaa wao, nani mgonjwa, nani hana wa kumpikia, nani hajaonekana Ijumaa mbili.

La nne twawaambia nyinyi wanafunzi. Mnasoma vita vya Kagera katika vitabu vya historia, mkahifadhi tarehe kwa ajili ya mtihani. Huenda jibu la mtihani wenu limeketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya jirani. Msiende kumhoji kama polisi. Nendeni mumsalimie, mumchotee maji, mumsomee barua za hospitali. Akifungua mdomo siku moja, sikilizeni. Na miongoni mwenu, wenye akili ya kusoma sayansi, wako wapi watakaokuwa matabibu wa nafsi? Hiyo ni faradhi ya kutosheleza, ambayo umma mzima waulizwa juu yake mpaka wapatikane wa kuitekeleza.

Na la mwisho twakuambia wewe, mzee wetu, uliyeko safuni au unayetusikiliza redioni pembeni mwa chombo chako. Hukuwa mwoga. Mwoga asingekaa na haya miaka yote hii. Ulivumilia peke yako kwa sababu ulidhani ni yako peke yako, na sasa umesikia kwamba ni maradhi yanayojulikana, yenye alama na yenye dawa. Kwenda kwa daktari hakukuvui heshima yako, kama kulivyokuwa hakukuvui kufungwa kidonda mbele ya adui. Mwenzako alipoanguka vitani ulimwinua. Leo kubali kuinuliwa.

Ewe Mola wetu, waponye askari wetu wazee kwa vijana, miili yao na nyoyo zao. Ewe Mola, wape usingizi usio na vitisho, na mchana usio na huzuni. Warehemu waliokufa katika kuilinda nchi yetu, na warehemu wajane na mayatima wao. Wasamehe waliokosea wakatubu, na uzitulize nafsi za waliodhulumiwa pande zote mbili za mpaka. Wape elimu na huruma waganguzi na wauguzi wetu. Ijaalie amani katika Tanzania na Uganda, katika Kongo na Sudani, na katika nchi zote za waja Wako, ili wasije watoto wetu wakarithi jeraha hili. Ewe Mola wetu, turuzuku wema wa dunia na wa Akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema Zake. Simamisheni Swala.